Kinu cha mawe hakitwangi karafuu

Namna ya kuchagua, kutunza na kupika viungo mu nyumba ya muchimbaji, hapa Salamabila

Ilikuwa siku moja mbele ya ndoa. Kijana wa timu yetu ya shimo alikuwa anaoa, na sisi wenzake tulichanga. Mumoja alileta muchele, mwingine mbuzi, mwingine vitunguu na mafuta. Viungo vya pilau tulinunua kwa pamoja ku soko, kijiko kwa kijiko, juu bei iko juu. Jioni wamama walikusanyika nyuma ya nyumba, mbabula tatu zinawaka, na jirani mumoja akaleta kinu chake. Wakaweka jira, karafuu na pilipili manga, wakaanza kutwanga. Harufu ikajaa kiwanja kizima, na watoto wakaanza kuzunguka kama nyuki.

Kisha mama mumoja muzee akainamisha kinu ili amwage ule unga mu sahani. Akasimama. Akauliza: «Hii yenye kung'aa ni nini?» Chini kabisa, mu mupasuko wa muti, kulikuwa katone kadogo, keupe kama feza, kanabiringika kama ushanga. Kila mutu aliyekuwa pale alikajua. Merkiri, ile wengine wanaita zebaki.

Hakuna aliyesema neno. Mwenye kinu alianza kulia. Asubuhi ya siku ile ile alikuwa ametwangia ndani mawe ya bwana yake, na wiki iliyopita walikuwa wamechanganyia humo humo dhahabu na merkiri. Alikuwa amekiosha kwa maji na sabuni, akafikiri kimekuwa safi. Hakufanya kwa ubaya. Anatwanga mawe juu ya minervali ya watoto, kama wamama wengi wa hapa, na mu nyumba yake kuko kinu kimoja tu.

Tulitupa viungo vyote vilivyotwangwa. Michango ya watu kumi na mbili ikaenda mu shimo la takataka. Ilibaki sehemu kidogo ambayo ilikuwa haijatwangwa, mu karatasi. Yule mama muzee akaichukua, akasema: «Pilau haiombe unga. Leteni sufuria.» Akatia viungo vizima mu mafuta ya moto, vile vilivyo. Kesho yake watu walikula, wakasifu, wakaomba kuongezewa.

Tangu siku ile, sisi wa sendika ya wachimbaji tunaongea juu ya viungo mu mikutano yetu. Wengine wanachekaka: «Sendika inaacha mambo ya bei ya dhahabu na mashimo yenye kubomoka, inaingia mu sufuria ya wamama?» Ndiyo, tunaingia. Juu sumu ya kazi yetu haibakie ku shimo. Inarudi na sisi jioni, mu nguo, mu mikono, mu kinu. Na mahali pa kwanza inapofika ni jikoni.

Njia ya sumu ni fupi

Wote tunajua ginsi inafanyika. Jiwe linavunjwa, linatwangwa, linaoshwa. Ule muchanga muzito unachanganywa na merkiri, na merkiri inakamata dhahabu. Tunakamua mu kitambaa, kisha tunachoma ile donge ili merkiri iende na dhahabu ibakie. Wengi wetu tunachomaka nyumbani, usiku, ku mbabula ya chakula, juu tunaogopa wezi na tunaogopa macho ya watu.

Lakini merkiri haiendi mbali. Moshi wake hauonekane na hauko na harufu. Tunauvuta mu mapafu, na kutoka pale unaingia mu damu. Unaobakia unapoa na kushika ku ukuta, ku mabati, ku sufuria, ku kifuko cha chumvi kilichoachwa wazi. Hata bila moto, merkiri inatoa hewa yake kidogo kidogo siku zote. Inaharibu ubongo na mafigo: mikono inatetemeka, usingizi unapotea, kichwa kinasahau. Mama mwenye mimba anapoivuta, inafika mupaka ku mutoto aliye mu tumbo.

Mu mwaka 2010, mu jimbo la Zamfara, kaskazini ya Nigeria, watoto walianza kufa mu vijiji vya wachimbaji wa dhahabu kama sisi. Watu walifikiri ni malaria. Kumbe ilikuwa plomb, ile madini nzito ya kijivu. Mawe ya kule yalikuwa na plomb mingi pamoja na dhahabu, na familia zilikuwa zinayasaga mu viwanja vya nyumba, mara ingine na mashine zile zile za kusagia nafaka. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Hakuna aliyekuwa anataka kuua mutoto wake. Watu walikuwa wanatafuta maisha, na sumu ikapita pale pale chakula kinapopita.

Plomb haiko mu kila jiwe. Lakini njia ni moja kila mahali: kutoka ku jiwe kwenda ku kinu, kutoka ku kinu kwenda ku sahani. Njo maana sheria yetu ya kwanza ya viungo haiko juu ya viungo. Iko juu ya kinu. Nyumba ya muchimbaji inaomba vinu viwili, ao kimoja cha chakula tu, na kile cha mawe kibakie ku kazi. Kinu cha muti kilichokwisha kupokea merkiri hakioshekane. Muti uko na vinywele na mipasuko, na merkiri inajificha mule. Kipake rangi nyekundu, kikae ku shimo, na kisirudi nyumbani tena. Na siku kitakapovunjika, musikitie ku moto kama kuni, juu moto utaamusha ile merkiri yote kwa mara moja. Sheria ile ile ni kwa sufuria, kijiko, sahani na beseni.

Kama hauko na feza ya kinu cha pili, usilie. Viungo vingi haviombe kutwangwa, kama yule mama muzee alivyotuonyesha. Na vile vinavyoomba, unaweza kuvivunja kwa chupa safi juu ya ubao wa jikoni.

Kuchagua ku soko

Hapa kwetu viungo vingi vinatoka mbali, upande wa Ziwa Tanganyika na zaidi ya pale. Vinapanda gari, vinapanda moto, vinanyeshewa, vinalala mu depo, vinapita mu mikono mingi. Kila mukono unaongeza bei, na mukono mubaya unaongeza kitu kingine ndani. Basi macho na pua yako njo mupimaji wako.

Jambo la kwanza: nunua kizima, usinunue unga. Kiungo kizima kinajionyesha kilivyo. Unga unaficha. Tena kizima kinatunza harufu yake miaka miwili na zaidi kama kimefungwa vizuri, lakini unga unaanza kupoteza harufu kisha miezi michache tu. Ule unga wa rangi nzuri wenye kukaa ku jua mu vifuko vya plastiki toka asubuhi mupaka jioni, unalipa rangi tu.

Karafuu. Angalia kama ingali na kichwa chake, ile mupira kidogo ya juu. Ifinye kwa ukucha: karafuu nzuri inatoa mafuta kidogo. Kama inavunjika kama kuni kavu, mafuta yake yamekwisha kutolewa ao imezeeka. Unaweza pia kutupa chache mu kikombe cha maji. Nzuri inazama, ao inasimama wima kichwa juu. Ile yenye kulala juu ya maji kama mutumbwi, imekwisha nguvu.

Pilipili manga. Iwe nzito, nyeusi, ya muviringo. Kuko wauzaji wenye kuchanganya na mbegu za papai zilizokaushwa, juu zinafanana sana. Mbegu ya papai ni nyepesi, ndefu kidogo kama yai, na ukiitafuna haiko na ile ukali wa pilipili manga. Mu maji, pilipili nzuri inazama, na mbegu ya papai inaelea.

Mudalasini. Kuko aina mbili. Ile ya ganda nene na gumu, lililojikunja mara moja, njo tunaonaka sana. Ile ingine iko nyembamba, imejikunja mara nyingi kama tumbako, na bei yake iko juu zaidi. Zote mbili zinafaa. Lakini ile nene iko na kitu kinachochosha ini kama mutu anakula mingi kila siku. Kipande mu pilau ao mu chai haina neno. Kijiko kizima cha unga wake kila asubuhi, kama «dawa», hapana.

Iliki. Chagua ya kijani, iliyofungwa. Ukiipasua, mbegu ziwe nyeusi na zenye kunata. Ile nyeupe, iliyo wazi, nyepesi kama pumba, iache.

Jira. Sugua kidogo mu kiganja. Harufu ikipanda mara moja, nunua. Kama inaomba upeleke pua mupaka chini, acha.

Manjano. Hapa tunaomba uangalifu sana. Mu Bangladesh, mu mwaka 2019, watafiti walionyesha wazi kama wafanya-biashara walikuwa wanapaka mizizi ya manjano rangi yenye plomb ili ing'ae na kupendeza. Ni ile ile plomb ya Zamfara, lakini safari hii ilipita ndani ya kiungo. Serikali ya kule iliingilia, ikawatoza wauzaji wabaya. Sisi tufanye nini? Tununue muzizi, ule mubichi kama ikiwezekana, tuukwangue wenyewe. Na tuogope ule unga wenye kuwaka sana kama rangi ya ukuta.

Pilipili ya unga. Mu mwaka 2005, kule Uingereza, vyakula vya aina zaidi ya 400 viliondolewa mu magazini juu ya rangi moja yenye jina Sudan 1, iliyokuwa mu unga wa pilipili. Ni rangi ya kutia mu mafuta ya viatu, haiko ya chakula. Kama inchi yenye laboratware nyingi ilidanganywa, sisi tutasema nini? Lakini sisi tuko na bahati: pilipili inaota nyuma ya nyumba. Kausha yako mwenyewe. Ukilazimika kununua unga, tia kijiko kimoja mu kikombe cha maji. Kama chini kunabakia michanga-michanga yenye kukwaruza kidole, ni tofali.

Tangawizi na kitunguu saumu. Tangawizi iwe ngumu na nzito, ngozi iliyonyooka. Iliyosinyaa imekwisha maji, na yenye vumbi la kijani ao nyeupe imeota kuvu. Kitunguu saumu kiwe kimefunga kama ngumi. Kilichochipuka kinakuwa kichungu, lakini usikitupe: kipande katika udongo, kinaweza kukupatia majani ya kutia mu muchuzi.

Na juu ya bei: sisi wachimbaji tuko na ugonjwa moja. Siku dhahabu imetoka tunanunua kila kitu kwa wingi, na siku shimo limekauka hatuna hata chumvi. Kuko wamama hapa ambao wameanza likelemba ya viungo. Watu kumi wanachanga, wanatuma mutu mumoja wa kuaminika, ananunua kilo moja moja ya viungo vizima, wanagawana kwa kijiko. Kwa namna hiyo hakuna anayenunua unga wa kudanganywa, na bei inashuka kidogo kwa kila mumoja. Sendika ni nini kama si hiyo?

Kutunza

Viungo viko na maadui wane: mwangaza, joto, unyevu na hewa. Hapa Maniema ule wa tatu njo mukubwa, juu mvua yetu ni ndefu. Kiungo kilichopata unyevu kinaota kuvu, na kuko kuvu yenye kutoa sumu ambayo moto hauimalize. Mu mwaka 2004, mashariki ya Kenya, sumu ya kuvu ile iliua watu 125 walioikula mu mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Pilipili, tangawizi na karanga zinaweza pia kuipata. Kwa hiyo, usipangushe kuvu na kupika. Tupa.

Tumia chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza. Ile ya kahawa ao ya konfitiri inafaa sana. Ioshe kwa maji ya moto, ianike ikauke kabisa, njo utie kiungo. Kifuko cha plastiki kinapitisha harufu, na panya anakipasua.

Tena tunasema kwa sauti kubwa: kamwe usitumie chupa ao bidoni iliyotoka ku kazi. Chupa ya merkiri, ya asidi, bidoni ya sianuri, ya mazuti, hata kama imeoshwa mara kumi, hata kama iko nzuri na kifuniko chake kinakaza. Wengi wetu tunapenda vyombo vile juu viko nguvu na ni vya bure. Bure ile inalipwa na mutoto.

Usiweke viungo juu ya mbabula wala karibu na dirisha lenye jua. Viweke ku kona yenye giza, juu kidogo, mbali na ukuta wenye unyevu. Na kama mu nyumba yako mulikuwa munachoma merkiri, ile kona isiwe mu chumba kile. Zaidi ya yote, musichome tena mu nyumba. Chomeeni inje, mbali na watu, upande upepo unakokwenda, na kama timu inaweza kuchanga, mununue ile chombo ya chuma yenye kufungwa, yenye mufereji wa kurudisha merkiri mu maji. Inalinda mapafu, na inarudisha merkiri ambayo mulinunua kwa feza.

Ukichota kiungo, kijiko kiwe kikavu. Na usimwage kutoka ku chupa moja kwa moja juu ya sufuria yenye kuchemuka, juu mvuke unapanda na kuingia mu chupa. Chota pembeni, funga, kisha tia.

Kukausha pilipili na tangawizi: kata tangawizi vipande vyembamba, tandika juu ya ungo ao mukeka safi, pandisha juu ya mabati ao meza. Usianike chini, na usianike karibu na barabara ao mahali pa kusagia mawe. Vumbi la mawe meupe ni adui wa mapafu, na likishika ku kitu chenye unyevu haliondoke. Jioni ingiza ndani. Imekauka wakati kipande kinavunjika kwa sauti, hakikunjike tena.

Na wewe baba unaporudi kutoka shimo: vua nguo za kazi mbele ya kuingia jikoni, usizikung'ute pale, na nawa mikono mbele ya kuonja sufuria. Hiyo pia ni kutunza viungo.

Kupika

Harufu ya kiungo iko mu mafuta yake. Mafuta yale yanatoka kwa joto, na yanapenda mafuta mengine kuliko maji. Kwa hiyo kuko kanuni tatu. Kiungo kizima kinaingia mwanzo, mu mafuta ya moto, dakika moja mupaka harufu ipande. Unga unaingia kisha vitunguu, na moto mudogo, juu unaungua haraka na kuwa muchungu. Majani, kama seleri, yanaingia mwisho.

Maharage. Yaloweshe usiku kucha, umwage yale maji, uyachemushe na kipande cha tangawizi. Yakiiva, kaanga kitunguu mu mawese, tia kitunguu saumu, jira kijiko kimoja kidogo, nyanya, kisha maharage. Chumvi mwisho. Utaona kama haukuhitaji kube za supu mbili ao tatu zenye tunatupaka kila siku. Kube iko na chumvi mingi, na chumvi mingi inapandisha damu. Muchimbaji anayetoka jasho siku nzima anahitaji chumvi kidogo, ndiyo. Lakini mama na wazee wenye kukaa nyumbani wanakula sufuria ile ile. Anza kwa kupunguza kube moja, uongeze kitunguu saumu na jira. Kisha wiki mbili, ulimi utazoea.

Samaki ya muto ao ndagala. Osha, tia ndimu, tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu, chumvi kidogo na pilipili, acha nusu saa. Kaanga vitunguu na nyanya, tia samaki, maji kidogo, funika. Kama unapenda manjano, kwangua muzizi mudogo kama kidole kidogo cha mutoto. Muchuzi huu na bukari ao wali, hakuna atakayeuliza nyama iko wapi.

Sasa pilau. Chakula hiki kiko na historia mu inchi yetu, na haiko historia tamu yote. Mu karne ya 19, wafanya-biashara wa pwani walifika Nyangwe na Kasongo. Tippu Tip, ambaye jina lake la kweli ni Hamed bin Muhammed, aliweka makao Kasongo mu miaka ya 1870. Walikuja na muchele, na dini, na luga hii tunayoandika. Walikuja pia na bunduki na minyororo. Waliondoka na pembe za ndovu na watu. Mashamba ya karafuu ya Zanzibar yalilimwa na mikono ya watumwa waliokamatwa bara. Mu mwaka 1893 majeshi ya Léopold, chini ya Dhanis, yaliteka Nyangwe na Kasongo, na bwana mumoja akafuata mwingine. Leo wajukuu wa watu wa Manyema wako Ujiji, wako Tabora, na Dar es Salaam kuko musikiti wenye jina la Manyema. Na hapa kwetu tukabakia na muchele na pilau, kwa ndoa, kwa Idi, kwa matanga. Muislamu anapika, Mukristo anapika. Walioleta walikuwa na nia yao. Sisi tumeifanya kuwa chakula cha kukusanya watu.

Kwa kopo mbili za muchele: mafuta vijiko vitano, vitunguu vinne vikubwa, nyama nusu kilo iliyochemushwa na supu yake, kitunguu saumu kichwa kimoja, tangawizi ya urefu wa kidole gumba. Viungo, vyote vizima: jira kijiko kimoja cha chakula, karafuu tano, iliki tano zilizopasuliwa, pilipili manga punje kumi, mudalasini urefu wa kidole.

Kaanga vitunguu mupaka viwe kahawia, kahawia ya kweli, juu pale njo rangi ya pilau inatoka. Usiharakishe. Tia viungo vizima, geuza dakika moja. Tia kitunguu saumu na tangawizi, kisha nyama, geuza. Tia muchele ulioshwa na kuchujwa, uzungushe mupaka kila punje ipate mafuta. Mimina supu ya moto kopo tatu ao tatu na nusu, kadiri ya muchele wako. Chumvi. Ikichemuka na maji yakianza kukauka, punguza makala chini, weka makala machache juu ya kifuniko, acha dakika kumi na tano bila kufunua. Kama watoto wanachukia kutafuna karafuu, funga karafuu na mudalasini mu kitambaa kidogo safi na uzi, utoe mwisho. Kitambaa kisiwe kile cha kukamulia dhahabu. Musicheke, tumekwisha kuona.

Tunaomba nini

Yule mama mwenye kinu tulimutembelea kisha ndoa. Alikuwa anaogopa kama watu watamusema ku chemchemi. Tulimuambia ukweli: kosa halikuwa lake peke yake. Sisi wababa ndio tuliopeleka mawe na merkiri mu nyumba, tukawaachia wamama kazi ya kutwanga, na hakuna aliyewaambia merkiri ni kitu gani. Timu ya shimo ikachanga tena, mara ya pili mu mwezi mumoja, na ikamununulia kinu kipya. Kile cha zamani kikapakwa rangi nyekundu, kikapelekwa ku shimo. Mule mu nyumba sasa mutoto wa miaka sita anajua: chekundu ni cha mawe.

Kwa hiyo tunaomba kila timu ifanye vile. Mbele ya kugawana dhahabu ya mwezi huu, toeni kidogo kwa kila nyumba yenye kutwanga mawe, munune kinu cha chakula. Bei yake haifike hata ile tunakunywaka jioni moja ku nganda. Wamama, fungueni leo makabati na vifuko vyenu, munuse, muangalie chupa zimetoka wapi, na ile yenye mashaka itoke. Na wababa, musiulize pilau inachelewa juu ya nini, kama hamujauliza kwanza ilitwangwa mu kinu gani.